Duka la dawa Langoni: wahudumu wanatukanwa wakikataa kuuza tramadoli

DukaLangoni: Asalaam aleikum. Chumba ni kimoja, kaunta ya mbao, mlango mmoja, stoo ndogo nyuma. Wahudumu ni wasichana wawili, zamu mpaka saa nne usiku. Anayetaka tramadoli (dawa kali ya maumivu) au valiamu (dawa ya kutuliza) bila cheti cha daktari akikataliwa hutukana, hugonga kaunta, na juzi ushungi wa mmoja umevutwa. Polisi mpaka wafike kwa miguu humu vichochoroni, mtu keshatoweka. Tufanyeje?

FundiKomeo: Waaleikum salaam. Kaunta iwe na upana wa sentimita 90 hivi, mkono usimfikie mhudumu. Juu yake kusibaki mkasi wala chupa ya spiriti. Wengi hukimbilia nondo mpaka dari, kumbe wamemfungia binti ndani na hana pa kutokea. Tengeneza stoo kwanza, iwe mahali pao pa kujifungia. Mlango wake ufungukie upande wa kaunta, teke liusukume kwenye fremu badala ya komeo, na nje usiwe na mpini wa kuvutia. Komeo mbili, juu na chini. Kuta zetu za mawe na chokaa ni laini, plagi fupi za skrubu huchomoka, kwa hiyo fremu ishikwe kwa nanga za chuma zilizochimbiwa saruji. Simu yenye chaji ikae humo.

BiMkunga: Dada, kukataa kusiwe uamuzi wa msichana. Dawa hizo zifungiwe kabatini, ufunguo uondoke na mfamasia, na tangazo la herufi kubwa liseme hivyo. Binti aseme, "Cheti kikija dawa itatoka, sasa hivi ufunguo haupo." Arudie mara moja, maneno yale yale, kisha arudi nyuma hatua mbili. Asimwambie mtu "tulia", hilo humpandisha mori. Wawekeane neno la siri, mfano "niletee daftari jekundu": mwenzake akilisikia anampigia jirani. Wazee wa barazani watafika kabla ya polisi, ukiwa umepatana nao mapema.

SheriaKisiwani: Kuvuta ushungi ni shambulio hata bila jeraha, kifungu 250 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Pakiwa na jeraha ni 251, kifungo hadi miaka 5. Msimalizane kwa soda. Usiku ule ule andikeni saa, maneno na mashahidi, chukueni nambari ya OB (daftari la matukio la polisi) kituoni, kisha fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza jeraha, ijazwe na daktari. Jeraha lipigwe picha siku hiyo na kesho yake, maana alama ya damu iliyovilia chini ya ngozi huchelewa kuonekana. Mhudumu akiumia, mwajiri unampa taarifa Mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7, kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007.

DukaLangoni: Shukrani. Na kamera?

SheriaKisiwani: Weka, ila bandika tangazo mlangoni kuwa ipo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka watu wajulishwe. Ielekeze usoni mwa anayeingia. Ya darini hurekodi kofia tu.

FundiKomeo: Na iwe na betri. Stima ikikatika ndipo utaihitaji.