Cruiser ya pleti mbele: usukani unatetemeka nikifika 70

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Nina Land Cruiser HZJ75, springi za pleti mbele na nyuma. Nikigonga shimo nikiwa 70, usukani unatetemeka mpaka nisimame kabisa. Fundi kanifungia shokapu mpya; laki zimekwenda, mtetemo upo palepale. Nataka pia kuinua mbele inchi 2, njia ya Ziwa Natron mawe yananigonga difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli). Nianze na kipi?

— Mkuu, usiinue gari bovu. Piga jeki, shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi ya tairi, ukibaki tazama kingpini, pini ambayo tairi la mbele hugeukia ukikata kona. Halafu springi ndefu haziinui difu, ekseli inabaki palepale. Difu inainuliwa na tairi kubwa tu.

— Na bushi (mipira) za springi ukibadilisha, nati zikaze kwa mara ya mwisho gari likiwa chini. Mimi nilikaza likiwa juu ya stendi, mpira ukachanika mapema.

— Nimerudi. Inayocheza ni kingpini, kushoto. Nyuma ya tairi kidole kimetoka na uji mweusi wa grisi na oili. Difu sikujua, asante. Shokapu nishalipia, basi tena.