PMS5003 kwenye ATtiny85: 0x42 inasomeka, baiti zinazofuata ni takataka

Mpima_Vumbi:
Ndugu wataalamu, natengeneza kifaa kidogo cha kupima vumbi hewani kwa kutumia sensa ya PMS5003 na chipu ya ATtiny85. Kwa kuwa chipu hii haina UART (saketi ya kupokea na kutuma data ya siriali), nimeandika upokeaji wa siriali kwa C: mstari unaposhuka, intarapti ya PCINT0 (kipande cha programu kinachokatiza kazi nyingine pini inapobadilika) inaitwa, na ndani yake nasubiri biti moja na nusu kwa `_delay_us`, nasoma biti nane kila baada ya mikrosekunde 104, naihifadhi baiti, kisha narudi. Sensa hutuma fremu za baiti 32 kwa kasi ya 9600, zikianza na 0x42 na 0x4D. Napata 0x42 kila mara, lakini 0x4D haionekani kabisa na jumla ya ukaguzi (checksum) hailingani. Nianzie wapi kutafuta?

FundiSolda:
Anza na saa ya chipu. ATtiny85 hutoka kiwandani fyuzi (biti ya mipangilio ya chipu) ya CKDIV8 ikiwa imewekwa, kwa hiyo ile MHz 8 ya oskileta ya ndani hugawanywa kwa nane na chipu huenda kwa MHz 1 tu. Ukiiambia kompaila kwamba F_CPU (kasi ya saa) ni 8000000, kila `_delay_us` itachukua muda mara nane. Isitoshe, oskileta hiyo inaweza kupotoka hadi asilimia 10 kabla hujairekebisha kwa rejista ya OSCCAL, na kwa kuwa biti ya mwisho ya data husomwa biti 8.5 baada ya mwanzo, upotofu wa asilimia 6 unatosha kukufanya usome biti ya jirani.

Mpima_Vumbi:
Ahsante. Fyuzi nimekwisha kuiondoa, na kwenye osiloskopu mikrosekunde 104 ni 104 kweli.

BitiNane:
Basi saa haina kosa. Tazama jinsi unavyotoka kwenye intarapti.

PCINT huitikia kila badiliko la pini, kupanda na kushuka, na biti ya PCIF (alama kwamba intarapti inasubiri kuitwa) ambayo chipu huifuta unapoingia huwekwa upya na biti za data zenyewe wakati ungali unazisoma. Sasa chukua 0x42, yaani 01000010: biti ya chini hutangulia, na ya mwisho kufika ni 0. Unapoisoma katikati yake na kurudi papo hapo, mstari bado uko chini na PCIF imewekwa, hivyo intarapti inaitwa tena mara moja, na programu inaidhania nusu iliyobaki ya biti hiyo kuwa biti ya kuanzia. Ukisubiri tena biti moja na nusu, unaangukia pale biti ya kusitisha inapopakana na biti ya kuanzia ya 0x4D, na kutoka hapo fremu nzima imeharibika.

Baada ya biti ya nane, subiri biti moja zaidi, hakikisha mstari uko juu, kisha andika hivi ili kufuta PCIF:

`GIFR = (1 << PCIF);`

Aidha, mwanzoni mwa intarapti, ukikuta pini iko juu, rudi bila kusoma chochote. Ukishafuta PCIF una takriban mikrosekunde 50 kabla ya baiti nyingine, kwa hiyo iweke baiti kwenye bafa na uiache hesabu ya ukaguzi kwa `main`.

FundiSolda:
Naafiki, ingawa mimi nisingekaa karibu milisekunde nzima ndani ya intarapti kwa kila baiti. Kwa MHz 8 na kigawanyo cha 8, Taima 0 huhesabu mikrosekunde moja moja: weka rejista yake ya ulinganishi, OCR0A, 155 kwa biti moja na nusu ya mwanzo, kisha 103 kwa zinazofuata. Thamani zote mbili zinaenea katika biti nane za taima, nayo programu inabaki huru kufanya mengine.

Jambo jingine: pini ya data ya sensa hiyo ni ya volti 3.3. Ukiilisha ATtiny85 volti 5, kiwango cha juu huanza kutambuliwa kwenye volti 3.0, nafasi ambayo ni finyu mno. Ni afadhali chipu uilishe volti 3.3 na sensa ibaki kwenye 5 yake.

Mpima_Vumbi:
Nimeongeza kusubiri biti ya kusitisha na kufuta PCIF. Fremu zinaingia zikiwa kamili na jumla ya ukaguzi inalingana. Kesho naihamishia kwenye Taima 0.