Naomba ushauri: James Bond yuko mikononi mwa Amazon, tuonyeshe filamu zipi kabla ya mjadala?

KijanaKamalondo
Jambo yenu, ndugu zangu. Niko Lubumbashi, komini ya Kamalondo. Mimi na wenzangu tunaendesha klabu ndogo ya sinema katika ukumbi wa vijana wa kartie: projekta, ukuta uliopakwa chokaa, spika mbili, na grupe (jenereta) kwa siku ambazo umeme unakatika. Ni ya wanachama tu, hakuna kiingilio. Kila mtu anachangia mafuta kadiri anavyoweza.

Kinachonileta ni James Bond, yule jasusi 007 wa filamu. Tarehe 20 Februari 2025 Amazon MGM, kampuni ya filamu ya Amazon, ilitangaza kwamba Barbara Broccoli na kaka yake Michael G. Wilson, familia iliyokuwa ikitayarisha filamu hizo, wamekubali kuiachia uamuzi wote wa kisanaa. Wao wanabaki na sehemu yao ya umiliki, lakini nani aigize, nani aandike, filamu itoke lini, hayo si yao tena. Tangu siku hiyo klabu yangu ina kambi mbili. Wakubwa wanasema hadithi imekwisha, kwamba kampuni inayouza viatu na sabuni kwenye intaneti haiwezi kumlea mtu aliyetungwa na mwandishi Ian Fleming. Vijana wanajibu kwamba familia ilikuwa imechoka, na kwamba Denis Villeneuve kupewa kazi ya kuongoza filamu ijayo, Juni 2025, ndiyo habari njema kuliko zote tangu Daniel Craig, aliyemwigiza Bond mara ya mwisho, aondoke.

Nimepewa kazi ya kuchagua filamu nne, Jumamosi nne, kisha mjadala. Naipenda hadithi hii kwa moyo wote na sitaki mjadala uwe kelele za waigizaji, "Connery ni zaidi, Moore ni zaidi". Nataka filamu zitakazomsaidia mtu apime jambo lenyewe: mwenye mali akibadilika, Bond naye anabadilika? Nionyeshe zipi?

La pili. Tuna papa mmoja, yaani mzee, mkubwa wetu wote, aliyeanza kumtazama Bond zamani katika kumbi za mji huu. Amesema hatakuja. Kwake Bond alikufa katika Mourir peut attendre (No Time to Die), filamu ya mwisho ya Craig, na familia imeondoka, basi. Bila yeye mjadala utakuwa wa upande mmoja. Nimwambie nini?

MwanaKatuba
Mbona rahisi, ndugu. Goldfinger, L'Espion qui m'aimait (The Spy Who Loved Me), GoldenEye, Skyfall. Kila mtu atafurahi, ukumbi utajaa.

KijanaKamalondo
Aksanti, lakini hapo nitapata sherehe, sitapata mjadala. Mtu akitoka Skyfall, filamu iliyovuka dola bilioni moja, atasema tu "familia ilijua kazi". Nataka na upande wa pili upewe ushahidi.

DadaWaLikasi
Yaya, usichague kwa uzuri. Chagua filamu zilizotoka mara tu baada ya umiliki kutikisika. Watu wanaongea kana kwamba mali hii haijawahi kuuzwa kabla ya Amazon, na hiyo si kweli hata kidogo.

Eon, kampuni ya familia inayotengeneza Bond, ilianzishwa mwaka 1961 na watu wawili, Albert Broccoli aliyeitwa Cubby, baba yake Barbara, na Harry Saltzman, na fedha za kutengeneza zilitoka kampuni ya filamu ya United Artists. Mwaka 1975 Saltzman alikuwa na madeni, akauza sehemu yake kwa hao hao United Artists. Nusu ya nyumba iliuzwa! Filamu iliyofuata, ambayo Cubby aliisimamia peke yake, ni L'Espion qui m'aimait ya 1977. Iangalieni kwa jicho hilo. Walijenga ukumbi mzima mpya wa kupigia picha kule Pinewood ili meli inayomeza nyambizi ipate nafasi. Huyo ni mtu aliyebaki peke yake na anataka dunia ione kwamba bado anaweza. Hiyo iwe Jumamosi yenu ya kwanza.

Mwaka 1981 United Artists yenyewe ilinunuliwa na MGM, baada ya hasara kubwa ya filamu yake La Porte du paradis (Heaven's Gate). Bond hakuyumba, kwa sababu aliyeamua alikuwa bado Cubby. Lakini baada ya Permis de tuer (Licence to Kill) ya 1989 ilikuja kesi juu ya uuzaji wa MGM na haki za televisheni, na dunia ikakaa miaka sita bila Bond. Waliokuwa vijana wakati ule walisema maneno yale yale ya papa wenu: amekwisha, vita baridi imekwisha, muacheni apumzike. Halafu 1995 ikaja GoldenEye. Cubby alikuwa mgonjwa, akafariki mwaka uliofuata, na waliobeba kazi walikuwa Barbara na Michael. Hiyo ni lazima muionyeshe.

Na sasa filamu ambayo hakuna atakayekuambia uionyeshe, na mimi naona ndiyo ufunguo wa mjadala wako: Jamais plus jamais (Never Say Never Again) ya 1983. Hiyo si ya Eon. Ilitokana na ugomvi wa zamani juu ya haki za Opération Tonnerre (Thunderball), ambao Kevin McClory, mmoja wa walioitunga hadithi hiyo, aliufikisha mahakamani. Sean Connery mwenyewe yumo. Aliyeongoza ni Irvin Kershner, mtu mwenye jina kubwa. Hadithi ni ile ile ya Opération Tonnerre. Fedha zilikuwepo. Lakini ule muziki wa Bond wa Monty Norman haumo, mwanzo ule wa mdomo wa bastola haumo, na mwaka huo huo Octopussy ya Roger Moore iliingiza fedha nyingi zaidi. Kwa hiyo Bond asiye wa Broccoli si jambo la kukisia, mnaye kwenye fleshi. Watazameni watu wenu wakiitazama. Baadhi wataipenda, nakuhakikishia, na hapo ndipo mjadala utaanza kwa kweli.

Tofauti ya safari hii ni moja, na usiiache ipotee. 1975, 1981, miaka ya kesi, mara zote mali ilihama lakini mwenye kusema "hapana" alibaki yule yule. Amazon iliitangaza bei ya dola bilioni 8.45 kwa MGM mwaka 2021, ikakamilisha Machi 2022, na kwa karibu miaka mitatu ilikuwa na mali bila kuwa na neno la mwisho. 2025 ndiyo mara ya kwanza neno la mwisho limehama. Wazee wa klabu yako wanaliona hilo hata kama wanalisema kwa hasira.

MwanaKatuba
Dada, hapo umenifunga mdomo. Nafuta orodha yangu.

BukavuMbele
Mi siko na shida na Amazon, yaya. Mi niko na shida na haraka.

Disney ilinunua Lucasfilm, wenye Star Wars, mwaka 2012, dola bilioni nne na kidogo. Kuanzia 2015 mpaka 2019 wakatoa filamu ya Star Wars kila mwaka, tano mfululizo, na baadaye mlolongo wa tamthilia. Mi ni mshabiki, niliziangalia zote. Ya kwanza tulikesha tukiisubiri. Ilipofika Solo ya 2018 hapa kwetu hakuna aliyeuliza imetoka lini. Craig alifanya filamu tano kwa miaka kumi na mitano, na kila moja ilipotoka lilikuwa jambo. Mourir peut attendre ilikuwa itoke Aprili 2020, korona ikaja, wakaisogeza mpaka Septemba 2021 ili iende kwenye kumbi. Nani mwenye kampuni ya intaneti atakubali kungoja hivyo?

Na kuna sababu ya haraka ambayo watu hawaisemi. Fleming alikufa 1964. Sheria ya Uingereza inalinda kazi ya mwandishi miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo kuanzia 2035 vitabu vyake kule vinakuwa vya wote. Jina na nembo ya 007 ni habari nyingine, lakini ukiwa umelipa mabilioni na unaiona tarehe hiyo inakuja, utataka kuvuna mapema. Weka swali hilo mezani: ni filamu ngapi kwa miaka kumi mtakazokubali? Kambi zote mbili zitalazimika kujibu kwa namba, zitaacha kutukanana.

KolweziCine
BukavuMbele, nakuheshimu, lakini mbona hatuhesabu na yaliyotokea familia ikiwa bado ina neno la mwisho? Yale mashindano ya 007: Road to a Million, watu wakikimbia duniani kutafuta fedha, yalitoka Prime Video, huduma ya video ya Amazon, mwaka 2023, na Broccoli na Wilson walikuwa miongoni mwa watayarishaji. Kupanua jina kulianza kabla.

Mimi nina matumaini, na nayasema bila aibu. Villeneuve ni mtu wa Quebec, amekulia katika Kifaransa kama sisi tulivyosomea Kifaransa. Tazameni Sicario ya 2015: anaweza kukuweka ndani ya gari kwenye foleni ya mpakani mpaka ukasahau kupumua, na hakuna hata gari moja linaloruka. Anayeandika ni Steven Knight, yule wa Peaky Blinders. Watayarishaji, Amy Pascal na David Heyman, ni watu wa sinema, si wa ghala la vifurushi. Pascal alikuwa Sony wakati filamu za Craig za mwanzo zinatoka huko.

Halafu nina ombi langu la moyoni. Sisi tunaishi juu ya kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba na Haut-Katanga. Quantum of Solace, ya pili ya Craig, ilimpa Bond adui anayeficha maji ya Bolivia, wazo zuri lililoharakishwa. Nani ana sababu zaidi ya kutumwa huku kuliko jasusi wa leo? Hata wa kweli walikuja: Daphne Park wa MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza, alikuwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) wakati wa uhuru. Ila Afrika isiwe tena mahali pa dakika kumi za kukimbizana kabla ya kwenda Ulaya kuvaa suti. Hilo nalo nataka klabu yenu ilijadili.

MzeeWaRuashi
Mwanangu wa Kamalondo, nimesoma yote. Mimi ni wa umri wa huyo papa wenu, basi nikueleze anachokisikia.

Tulipoona Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, inachukuliwa na serikali mwaka 1967, shaba ilibaki ardhini palepale na watu waliingia kazini saa zile zile. Kilichohama ni meza ya kuamulia. Mambo ya meza huonekana baadaye. Mzee anayesema "imekwisha" anakuambia kwamba anaijua hali ya kungoja uone walioko mezani watafanya nini, na kwamba hawezi kuwasemesha.

Tena ana ushahidi. Oktoba 2025 Prime Video waliweka picha za filamu za zamani, na bastola zilikuwa zimefutwa au zimekatwa kwenye picha. Bond amekunja mikono hana kitu! Mashabiki walipiga kelele, picha zikabadilishwa. Vijana wanaona ni jambo dogo. Kwangu ni dalili kwamba aliyeidhinisha hakuwa anamjua mtu huyu. Barbara Broccoli angeliona kabla halijatoka.

Kwa hiyo usijaribu kumshawishi kwamba amekosea, maana hajakosea. Mwendee nyumbani, si kwa simu, umwambie: papa, tunataka wewe uifungue Jumamosi ya kwanza, utueleze walivyokuwa wakiitazama L'Espion qui m'aimait katika mji huu, kabla hatujawasha projekta. Mtu akipewa neno la kwanza hatakataa kuja kusikia la mwisho. Na mjadala ukianza, muanze kwa wadogo, yeye ajibu. Ukianza naye, hakuna kijana atakayethubutu kumpinga.

KijanaKamalondo
Mzee, aksanti sana. Jumapili baada ya misa nitaenda kwake.

Dada, orodha yako nimeichukua: L'Espion qui m'aimait, Jamais plus jamais, GoldenEye. Swali la BukavuMbele nitaliandika ubaoni jinsi lilivyo. Imebaki ya nne. Wenzangu wanataka Mourir peut attendre kwa sababu ndiyo ya mwisho ya familia. Mimi naelekea Casino Royale ya 2006. Nisaidieni kukata.

DadaWaLikasi
Casino Royale. Mourir peut attendre ina dakika 163, grupe yako itakunywa mafuta ya wiki, na mkitoka mtabishana juu ya kifo tu. Casino Royale inajibu swali lenu. Craig alipotangazwa 2005 mashabiki walikasirika, wakasema nywele za rangi ile si za Bond, wengine wakaahidi kususa. Barbara hakurudi nyuma. Kwa hiyo wazee wataona familia ikibomoa kila kitu na kuanza upya, jambo ambalo leo wanamlaumu Villeneuve kabla hajalifanya. Na vijana wataona ujasiri ule ulikuwa wa mtu mmoja mwenye jina, si wa kamati. Kila upande utaumia kidogo.

Tena, kwa ombi la KolweziCine, filamu hiyo inatupitisha Mbale, Uganda, na kambi ya waasi, na Isaach de Bankolé wa Côte d'Ivoire anaigiza Obanno. Simamisheni hapo dakika chache, muulizane kama ndivyo tunavyotaka kuonekana tena.

KolweziCine
Hapo nami nakuja. Kolwezi si mbali.

MzeeWaRuashi
Mtaanza saa ngapi? Kutoka Kamalondo hadi Ruashi usiku magari ni ya shida. Mkianza saa kumi alasiri, sisi wazee tutabaki mpaka mwisho wa mjadala.