Mbunge anaweza kuhoji hela za polisi na jeshi, au ni siri ya Serikali?

MwalimuKihesa:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nafundisha uraia kidato cha tatu hapa Iringa. Wiki hii tupo kwenye mihimili ya dola: Bunge, Ibara ya 63 ya Katiba, kuisimamia na kuishauri Serikali. Binti mmoja, baba yake ni askari, akasimama: "Mwalimu, na hela za polisi je? Mbunge akiuliza si ataambiwa ni mambo ya usalama?" Darasa zima likanigeukia. Naomba mfano wa kweli, nadharia ninayo kitabuni. Pia nataka kujua: mbunge akigundua hela zimeliwa, kesi ya uhujumu uchumi anaifungua nani?

MzeeWaVocha:
Marahaba mwalimu. Huyo binti ameuliza swali ambalo watu wazima tunalikwepa. Nimestaafu ukaguzi wa ndani halmashauri, kwa hiyo nakujibu kwa makaratasi.

Polisi wana fungu lao kwenye kitabu cha bajeti kama idara nyingine yoyote: Fungu 28. Magereza ni 29, Zimamoto 14, Uhamiaji 93, JWTZ 38. Kila fungu lina Afisa Masuuli, yaani mtumishi anayewajibika kwa matumizi ya fungu hilo; CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, analikagua, na Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) ina mamlaka ya kumwita huyo Afisa Masuuli aje na nyaraka zake. Silaha zimehifadhiwa wapi, nani analinda nini, hiyo ni siri na ibaki siri. Mkataba ulikuwa wa bei gani, mzigo umepokelewa au haujapokelewa, hiyo ni hesabu.

Mfano mpe wa Lugumi, jina la kampuni iliyopewa mkataba. Mwaka 2011 Polisi waliingia mkataba wa Sh37 bilioni wa kufungiwa mashine za kutambua alama za vidole katika vituo 108. Wakaguzi wakapita. Sehemu kubwa ya fedha ilikwishalipwa, mashine zimefungwa vituo 14. Aprili 2016 PAC, mwenyekiti akiwa Naghenjwa Kaboyoka, ikataka mkataba wenyewe uletwe. Ikaunda kamati ndogo ifuatilie. Kwa hiyo jibu la binti ni ndiyo: mkataba wa polisi, wenye jina la usalama kabisa, ulihojiwa na wabunge.

Kinachoniuma mimi ni yaliyofuata. Serikali ikapewa miezi mitatu mfumo uwe unafanya kazi. Julai 2018, miaka miwili baadaye, waziri mpya wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, bado anaagiza mkandarasi ajitokeze aeleze mashine zilezile. Na Januari 2020 Lugola mwenyewe akaondolewa na Rais Magufuli kwa sababu ya makubaliano ya vifaa vya zimamoto ya zaidi ya euro milioni 400, mradi ambao haukuwamo kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge. Wizara ileile.

DadaMakorongoni:
Mzee, heshima yako, lakini hapo umeonyesha kwamba hawana meno. Kila Juni tunawaona Dodoma: mbunge anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anatoa hoja ya kuupunguza mpaka ajibiwe, waziri anasimama anaahidi, mbunge anaiachia, fungu linapita.

MzeeWaVocha:
Dada, kushika shilingi ni haki yake na wapo wanaoitumia vizuri, kwa sababu ile ahadi inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwakani inaweza kurudishwa usoni kwa waziri. Mimi naona tatizo lipo kwenye muda. Hesabu zilizofungwa 30 Juni 2022, CAG akazikabidhi kwa Rais Machi 2023, Bunge likazijadili Novemba 2023. Huo ni mwaka na miezi. Aliyeidhinisha malipo keshahamishwa mara mbili, aliyekalia kiti anasema "nimeyakuta". Nimelisikia neno hilo kwenye vikao mpaka nikiwa usingizini nalisikia. Bunge likisogeza mjadala huo uwe kabla ya bajeti inayofuata, hilo peke yake lingebadilisha mengi, maana ungeweza kumnyima fungu mtu ambaye hajajibu la zamani.

Wakili_Nyamanoro:
Niingie kwenye swali la pili la mwalimu. Mbunge hafungui kesi. Bunge linatoa azimio, TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) au polisi wanachunguza, na chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984 (Sura ya 200) shauri haliendi mbele bila kibali cha DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka. Mashauri makubwa yanasikilizwa na Kitengo cha Rushwa na Uhujumu Uchumi cha Mahakama Kuu, kilichoanzishwa 2016.

Angalia Escrow ya Tegeta, ile kashfa ya fedha zilizochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. PAC ya Zitto Kabwe ilisoma taarifa Novemba 2014. Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu Desemba, Waziri Profesa Tibaijuka akaondolewa, waziri mwenzake Profesa Muhongo akafuata Januari. Lakini wafanyabiashara wawili walifikishwa Mahakama ya Kisutu Juni 2017 tu, wakakaa mahabusu hadi 2021 kwa sababu shtaka la utakatishaji fedha halina dhamana.

Hapo ndipo ninapowataka wabunge waamke. Septemba 2019 DPP alitangaza watuhumiwa 467 wa uhujumu wako tayari kurejesha Sh107.8 bilioni. Mtu aliye mahabusu bila dhamana, upelelezi haujakamilika, akikubali kulipa, amekubali kwa hiari kiasi gani? Na fedha hiyo ikishaingia ni mapato ya umma, lazima ikaguliwe kama kodi ya mama muuza mboga. Mbunge anayehoji wizi wa fedha ahoji pia namna zinavyorudishwa, risiti kwa risiti.

MwalimuKihesa:
Asanteni sana. Wakili, hilo la mahabusu sikulifikiria kabisa, nitaliweka kwenye mdahalo. Mzee, wanafunzi waanze kusoma wapi? Ripoti ni kubwa.

MzeeWaVocha:
Wasianzie mwanzo. Ripoti ya CAG ya Serikali Kuu ina sehemu ya ufuatiliaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita: yaliyotekelezwa, yanayoendelea, yasiyotekelezwa. Gawa darasa kwa mafungu, kila kundi lifuate hoja moja ya ukaguzi kwenye ripoti za miaka mitatu mfululizo. Kisha waandike barua kwa mbunge wa Iringa Mjini, wataje fungu na hoja yenyewe. Barua yenye namba ya fungu huwa ngumu kuijibu kwa salamu.