Mrejesho: pakiti zimeacha kuzunguka kati ya RIP na OSPF

Wakuu, niliuliza kwa nini pakiti (vipande vya data) zinazunguka bila kufika tangu nianze kubadilishana njia za RIP na OSPF, itifaki mbili ambazo ruta hutumia kuambiana njia, kwenye ruta mbili, A na B. Asanteni sana, tatizo limekwisha. Ruta B ilikuwa inaiamini OSPF yenye 110 kuliko RIP yenye 120 (namba ndogo ndiyo huaminiwa zaidi), kwa hiyo mtandao wa jirani kabisa ikaufuata kupitia ruta A, kisha ikairudisha njia hiyohiyo ndani ya RIP. Sasa kila njia inayotoka RIP kuingia OSPF naipiga lebo 77, na ruta zote mbili zinaikataa ikitaka kurudi RIP. Njia za nje za OSPF, yaani zilizoingia kutoka RIP, nimezipandishia namba hiyo ya kuaminiwa hadi 180; bila hilo B bado ilipitia njia ndefu. Traceroute (kipimo kinachoonyesha kila ruta ambayo pakiti inapitia) iliyokuwa inaishia hatua ya 30 sasa inafika kwa 3. Nimezima ruta A makusudi, nikaiwasha tena: shwari.