Naomba ushauri: picha za jukwaani zinatoka na mistari

Wakuu, habari zenu. Napiga picha za maonyesho ya mavazi, na siku hizi wabunifu wengi wameacha kumbi za kawaida, wanaonyesha nguo zao kwenye majumba ya sanaa, wanamitindo wakipita katikati ya michoro. Kwa macho inapendeza mno. Kwa kamera ni balaa.

Taa za humo ni LED. Nikipiga kwa kasi ya shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia) ya 1/500 ya sekunde napata mistari ya giza inayokatiza picha, tena rangi ya nguo inabadilika toka picha moja hadi nyingine. Gauni lile lile mara jekundu, mara kama la machungwa. Nimeshusha hadi 1/100, mistari ikapungua sana, ila mwanamitindo anayetembea anatoka na ukungu. Flashi hawaruhusu. Shata ya kielektroniki (isiyotumia pazia linalofunguka ndani ya kamera) ndiyo ilizidisha kabisa, nimeiacha.

Kamera yangu ni ya zamani kidogo, haina kipengele cha kuzuia mmemeto wa taa, yaani kule kuwaka na kufifia kwa haraka ambako macho hayaoni.

Je, kuna kasi ya katikati inayowafaa mkiwa kwenye mwanga kama huu, au nikubali tu kubadili kamera? Na mistari iliyokwisha kuingia, mnaiondoaje bila kuharibu rangi ya kitambaa?