Wastaafu wa Wete: tuunde jumuiya au tubaki na barza yetu?

Mwalimu Mstaafu, Wete
Assalaam alaykum. Nilistaafu kusomesha nilipotimia miaka 60, na kwa miaka minne sasa mimi na wenzangu tumekuwa tukikaa kwenye barza moja ya mtaani kwetu, kuanzia baada ya sala ya alasiri hadi inapokaribia maghribi. Tulikuwa tisa, tumebaki watano. Mwenye bao alitangulia mbele ya haki, na tangu siku hiyo bao lake limefunikwa ndani kwao, kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye uso wa kwenda kuliomba ilhali mjane bado anakaa eda. Mwenzetu mmoja anapendekeza tuunde jumuiya yenye katiba, kadi na ada ya kila mwezi, tusije tukatawanyika. Mimi nasita. Waliowahi kufanya jambo hili, naomba wanieleze limewafikisha wapi.

Mkaazi wa Mji Mkongwe
Waalaykumu salaam, mwalimu. Pale Jaws Corner, barza yetu ya kahawa hapa Mji Mkongwe, hakuna daftari la wanachama, na bado watu hawakosekani, kwa sababu kahawa ipo na kila mmoja anajua saa ya kuwakuta wenzake. Anayenunua kikombe anakunywa, na asiyenunua hakuna anayemtupia jicho. Siku mtakapoweka ada, yule asiyekuwa nayo hatasema kuwa hana. Atasema miguu inamuuma, nanyi mtamkosa. Wapo wazee ambao fedha yao ya uhakika ni pensheni jamii tu, ile wanayopewa waliofika miaka 70, ambayo ilipoanza mwaka 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Karani wa zamani, Chake Chake
Sikubaliani nawe moja kwa moja, bwana. Ikhwani Safaa, kile kikundi cha taarab cha Unguja, iliasisiwa mwaka 1905 na ingali hai, wala isingefika huko kwa salamu za barazani peke yake. Lakini wale wana muziki wa kufanyia mazoezi, na sisi tuliandika katiba kabla ya kuwa na jambo la kufanya. Vikao vitatu vilimalizika kwa kubishania uenyekiti (ukiwakusanya watu waliokuwa wakuu wa idara, kila mmoja angali mkuu wa idara), na michango ya mwanzo haikujulikana imeishia wapi, hata leo wawili kati yetu wanapishana msikitini bila ya kuamkiana. Kilichosalimika ni kitu kimoja: asiyeonekana kwa siku mbili, wawili wetu huenda kwake kabla ya isha. Mwaka jana tulimkuta mwenzetu anayeishi peke yake ameanguka ukumbini, hawezi kuinua mkono wa kushoto, na birika la chai limepoa pembeni yake. Hatukutumwa na katiba.

Binti wa mstaafu, Mkoani
Shikamooni wazee wangu, naomba radhi kwa kuingilia. Baba yangu aliacha kwenda barazani, nasi tukadhani amegombana na mtu, kumbe barza ile iko juu na goti lake halipandi tena, na aliona haya kushikwa mkono mbele ya wenzake. Walipojua, hawakumwambia neno. Waliishusha meza ya dhumna chini, uchochoroni, na wote wakakaa kwenye viti vya plastiki. Sasa hakosi hata siku moja, na akifungwa hutununia sisi nyumbani.

Mwalimu Mstaafu, Wete
Ahsanteni sana. Nimewasomea wenzangu majibu yenu yote, na habari ya katiba tumeiweka kando, ila zamu ya kutazamana tumeianza, na nyumba ya kwanza tuliyokwenda ni ya mwenzetu ambaye tulikuwa tukisema anajitenga. Mjane naye ametoka eda wiki iliyopita, akatuletea bao mwenyewe kwa mkono wa mjukuu. Mashimo yote 32 yamepanguswa vizuri, lakini kete 64 zimebaki 61, kwani watoto walizichezea. Kesho asubuhi, bahari ikiwa imetoka, nitashuka pwani kutafuta komwe tatu.